Fungate Barbados: mwongozo kwa maharusi wa Afrika Mashariki

Maharusi wakishaamua kwamba fungate yao itakuwa Karibi, kazi ya kwanza huwa kupekua picha za hoteli. Nawasihi muiahirishe kazi hiyo kwa siku chache. Mambo mawili ndiyo yanayoamua kama safari hii itakuwa raha au machozi kwenye kaunta ya uwanja wa ndege: pasipoti mliyo nayo na njia mtakayopita. Hoteli nzuri zipo kila kisiwa. Njia nzuri kwa mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda ni chache, na ukiikosea hata chumba kilichojaa maua ya waridi hakitakusaidia.

Nimechagua Barbados kwa sababu hiyo. Raia wa nchi hizo tatu huingia kwa matembezi bila viza. Kisiwa chenyewe ni kidogo, kilomita za mraba 430 hivi, yaani Unguja inakimeza zaidi ya mara tatu, kwa hiyo ndani ya siku kumi mnaweza kukijua kweli. Gari linapita kushoto kama kwetu. Maji ya bomba yanakunywika, kwa kuwa yamechujwa na mawe ya matumbawe ambayo kisiwa kimejengeka juu yake. Na kuna ugali wa bamia, lakini huo nitaufikia.

Hatua ya kwanza: pangeni njia kabla ya kulipa chochote

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki, lazima muunganishe mahali. Hapa ndipo wengi hukwama.

Kupitia Marekani kunadai viza ya Marekani hata kama hamtoki nje ya uwanja, maana nchi ile haina eneo la kusubiri ndege pasipo kupita uhamiaji. Kama tayari mna viza hiyo, njia ya Miami au New York ni nzuri na ndege ni nyingi. Kama hamna, msianze kuihangaikia kwa ajili ya fungate tu.

Kupitia London kuna ndege nyingi za Barbados, za British Airways na Virgin Atlantic. Lakini Mtanzania, Mkenya na Mganda anahitaji viza ya kupitia hata akibaki ndani ya uwanja, isipokuwa awe na kitu kingine kinachomsamehe, kama viza halali ya Marekani au Kanada, na hapo pia yapo masharti ya kusoma. Jambo jingine ni kwamba London ina viwanja kadhaa. Mkitua Heathrow na ndege ya Bridgetown, mji mkuu wa Barbados, ikawa inaondokea Gatwick, mtalazimika kutoka nje kabisa, kuchukua mizigo na kuvuka mji. Hiyo ni viza ya aina nyingine.

Kupitia Amsterdam ndiyo njia ninayoipendekeza kwa asiye na viza yoyote. Pasipoti za Tanzania, Kenya na Uganda hazidaiwi viza ya uwanja wa ndege pale, mradi mbaki ndani ya eneo la kusubiria na tiketi yenu iwe moja. KLM inatua Nairobi, Dar es Salaam, Kilimanjaro na Entebbe, na imekuwa ikiruka hadi Bridgetown katika miezi ya baridi ya Ulaya. Angalieni ratiba ya msimu wenu kabla ya kutangaza tarehe ya harusi. Muunganisho ukiwalaza Amsterdam, uwanja wake, Schiphol, una hoteli ndani ya eneo la abiria wanaounganisha, wala hamhitaji kupita uhamiaji. Wekeni nafasi mapema, vyumba vyenyewe ni vichache. Wenye pasipoti ya Kongo-Kinshasa wako tofauti: wao hudaiwa viza ya uwanja wa ndege katika nchi za Schengen, kwa hiyo waanzie ubalozini.

Neno "tiketi moja" nalirudia kwa makusudi. Wapo wanaonunua Dar hadi Amsterdam kwa kampuni moja, kisha Amsterdam hadi Barbados kwa nyingine, kwa kuwa jumla imepungua kidogo. Mizigo haitaunganishwa. Itawasubiri kwenye mkanda wa nje, na nje hamruhusiwi kwenda. Mara nyingi hata hamfiki huko, kwa sababu mfanyakazi wa kaunta ya Dar atakataa kuwapandisha. Kununua tiketi mbili zilizotengana kwa pasipoti zetu ni kujitafutia balaa. Lipeni tofauti hiyo ya bei.

Bibi harusi asikimbilie kubadili jina. Jina la kwenye tiketi lifanane herufi kwa herufi na la kwenye pasipoti. Kama pasipoti bado ina jina la baba, tiketi nayo iwe na jina la baba. Chukueni nakala ya cheti cha ndoa, itasaidia pale majina ya ukoo yanapotofautiana. Chapisheni pia tiketi ya kurudi na uthibitisho wa malazi. Mtaulizwa nyumbani kabla ya kuulizwa Barbados. Siku chache kabla ya kuondoka jazeni fomu ya uhamiaji ya Barbados mtandaoni, kila mmoja yake.

Kadi ya njano ni lazima iwepo. Barbados hudai chanjo ya homa ya manjano kwa wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na hata kama nchi yako haimo kwenye orodha, huenda umepita au kuunganisha kwenye nchi iliyomo. Chanjo ichomwe siku kumi au zaidi kabla ya safari. Ukishachanjwa mara moja, cheti ni cha maisha.

Hatua ya pili: tarehe

Msimu wa vimbunga Karibi huanza Juni 1 hadi Novemba 30. Barbados imekaa mashariki, imejitenga na mkufu wa visiwa vingine, kwa hiyo hupigwa mara chache kuliko jirani zake. Lakini kusema haipigwi si kweli. Kimbunga Elsa kilipita Julai 2021 na kung'oa mapaa, na Beryl ya Julai 2024, ingawa ilipita kusini ya kisiwa, ilivunja mashua nyingi za wavuvi. Agosti, Septemba na Oktoba waachieni wenye ujasiri na bima nzuri.

Kuanzia katikati ya Desemba hadi katikati ya Aprili hali ya hewa ni safi na bei ziko juu kabisa. Harusi zetu nyingi hufanyika Desemba, na wengi hutaka kuondoka siku mbili baada ya sherehe, wakaangukia wiki ya Krismasi yenye bei kubwa kuliko zote za mwaka. Ushauri wangu: fanyeni harusi Novemba, mwondoke mwisho wa Novemba, mrudi kabla ya tarehe 15 Desemba. Mtakuta Bridgetown imewashwa taa za bluu na njano kwa ajili ya uhuru wa Novemba 30, 1966. Tarehe hiyohiyo mwaka 2021 nchi ilimwondoa malkia wa Uingereza kama mkuu wa dola na kuwa jamhuri. Mtakuta pia konki, chakula cha Novemba: unga wa mahindi, nazi, boga na viazi vitamu, vimekandwa na viungo na kuchemshwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba. Mvua za Novemba zipo. Hupiga kwa kishindo, zikaisha, jua likatoka.

Aprili hadi Agosti bei hushuka, ila ndiyo miezi ambayo mwani wa kahawia uitwao sargassum huweza kurundikana pwani ya mashariki na kusini, na ukioza unanuka. Pwani ya magharibi huathirika kidogo. Mkilazimika kwenda miezi hiyo, laleni magharibi.

Jambo moja zaidi kuhusu tarehe: msipande ndege kesho yake baada ya ukumbi. Kati ya sendofu, ndoa, sherehe na wageni waliolala sebuleni, mwili unakuwa umechoka kabisa. Tulieni siku tatu, nne, mlale, mrudishe nguo za kukodi, muage wazazi vizuri. Safari yenyewe inakula karibu siku nzima na nusu.

Hatua ya tatu: pesa

Dola ya Barbados imefungwa kwa dola ya Marekani tangu 1975: mbili kwa moja. Hesabu ni rahisi, na hapohapo ndipo penye mtego. Mwuzaji akisema dola arobaini kwa kawaida anamaanisha za kwao, yaani ishirini za Marekani, lakini kampuni za watalii hutaja bei kwa dola za Marekani bila kusema. Kila mara ulizeni ni dola zipi kabla ya kukubali. Teksi hazina mita, kwa hiyo bei na aina ya dola vipatanwe kabla mlango haujafungwa.

Kisiwa ni ghali, kwa kuwa vitu vingi vinaletwa kwa meli. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 17.5, na mikahawa mingi huongeza asilimia kumi ya huduma. Someni chini ya menyu kama bei imejumlisha vyote. Kadi ya benki inakubalika sehemu nyingi, ila ijulisheni benki yenu kabla ya kuondoka, la sivyo muamala wa kwanza Bridgetown utazuiwa, na huku nyumbani ni usiku wa manane. Hoteli na kampuni za magari hushikilia amana kwenye kadi. Hiyo msiihesabu kwenye pesa ya matumizi.

Kwa wanaofanya harusi ya kamati: fungate iingie kwenye bajeti siku ya kikao cha kwanza, kwa jina lake. Ikiachwa "tutaona kitakachobaki", hakitabaki kitu, mapambo yatakuwa yameshaila. Na shangazi wanaouliza mnahitaji zawadi gani, waambieni bila aibu kwamba mnahitaji usiku mmoja wa hoteli. Wengi hufurahi kuliko kununua seti ya kumi na mbili ya glasi.

Hatua ya nne: laleni sehemu tatu

Wengi huweka nafasi hoteli moja ya kila kitu ndani, wakakaa humo wiki nzima kando ya bwawa la kuogelea. Kwa masafa haya, naona ni hasara. Barbados ina pwani tatu zenye tabia tofauti, na kutoka moja hadi nyingine ni mwendo wa chini ya saa moja. Kwa usiku kumi, nashauri tatu mashariki, tano kusini, na mbili za mwisho magharibi.

Mashariki ni Bathsheba, katika parokia (ndivyo wanavyoita wilaya zao) ya Saint Joseph. Bahari ya Atlantiki inakuja pale bila kizuizi kutoka Afrika, inapiga mawe makubwa yaliyoliwa chini mpaka yakawa kama uyoga. Nyumba za kulala ni chache na mikahawa hufunga mapema, kwa hiyo wekeni nafasi mapema na mpitie dukani kununua chakula. Hapa ndipo pa kuanzia, na sababu ni saa. Barbados iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa saba. Siku za kwanza mtaamka saa tisa au kumi za usiku, macho makavu, hakuna usingizi. Mkiwa kwenye mji wa starehe mtaona mmeibiwa usiku. Mkiwa Bathsheba mtakaa kibarazani na chai, mkisikia mawimbi, na jua litachomoza mbele yenu kutoka baharini.

Ila hapo msiogelee. Mkondo una nguvu na umeshachukua watu. Maji yakipwa, kuna vidimbwi kati ya mawe ambamo mnaweza kukaa maji yawafike kifuani, mawimbi yakivunjikia nje. Hivyo vinatosha.

Kusini, parokia ya Christ Church, ndiko kwenye maisha: Hastings, Rockley, Worthing, Saint Lawrence Gap, Oistins. Apatimenti zenye jiko ni nyingi na bei zake zinavumilika. Magharibi, Saint James, maji yametulia na hoteli ni za matajiri. Ndiyo maana nasema usiku mbili tu, mwishoni, mkiwa mmeshajua bei za kisiwa na mnataka kubembelezwa.

Hatua ya tano: mizigo na afya

Umeme wa kule ni volti 115 na plagi ni bapa za Kimarekani. Chaja za simu hazina shida mkiwa na adapta. Pasi na mashine ya kukausha nywele ya nyumbani iacheni, haitapata moto wa kutosha.

Nguo yoyote ya madoadoa ya kijeshi ni kosa la jinai Barbados, hata kofia, hata begi, hata ya mtoto. Kagueni. Nguo za kuogelea ni za ufukweni tu, kwa hiyo dukani na kwenye basi jifungeni kanga au vaeni shati. Kanga mbili au tatu mtazishukuru kila siku: ufukweni, kibarazani, kwenye ndege yenye baridi.

Hakuna malaria kule, ila kuna dengue, kwa hiyo dawa ya kufukuza mbu ichukuliwe. Na hili mlishike sana: mmoja wenu akipata homa ndani ya wiki za kwanza, mwambieni daktari waziwazi kwamba mmetoka nchi yenye malaria na mwombe kipimo. Daktari wa kule haoni malaria kila siku kama wa kwetu, na huenda isimjie akilini. Bima ya safari inayolipa hospitali ni ya lazima kwangu. Sijali kama uhamiaji watauliza au la.

Ufukweni kuna mti uitwao manchineel, wenye vitunda vya kijani vinavyofanana na tufaha dogo. Matunda yake ni sumu na utomvu wake unababua ngozi. Hata maji ya mvua yanayodondoka kutoka kwenye majani yake yanababua. Mingi imepakwa alama nyekundu au ina kibao. Mvua ikianza, msijikinge chini ya mti msioujua.

Hatua ya sita: ishini kusini kama wenyeji

Kabla ya neno lolote, salimuni. Ukiingia dukani au kwenye basi bila kutoa salamu ya asubuhi au jioni, umeonekana huna adabu, na utahudumiwa hivyo. Kwa mtu aliyelelewa kwa shikamoo na hodi hili si gumu. Mtashangaa jinsi nyuso zinavyofunguka.

Usafiri ni ule tunaoujua. Kuna mabasi ya serikali ya bluu, mabasi madogo ya njano ya watu binafsi, na vigari vyeupe vyenye mstari wa damu ya mzee ambavyo namba zake zinaanza na ZR. ZR ni daladala tupu: muziki juu, konda mlangoni, mnabanana, na dereva ana haraka kuliko abiria wote. Nauli imekuwa dola 3.50 za Barbados popote uendako, mbali au karibu. Basi la serikali halirudishi chenji, ZR hurudisha. Vituoni mtaona vibao viwili tu, kimoja cha kwenda mjini na kingine cha kutoka mjini, kwa hiyo jueni Bridgetown iko upande gani. Namba 11 inapita pwani yote ya kusini, mkiijua hiyo hamhitaji teksi mchana. Mkikodi gari kwa siku moja au mbili, kampuni itawasaidia kupata kibali cha udereva cha mgeni, na namba ya gari itaanza na H, ili kila mtu ajue ni mgeni na awavumilie kwenye mizunguko.

Sasa chakula. Chakula cha taifa kinaitwa cou-cou na samaki arukaye. Cou-cou ni unga wa mahindi uliosongwa kwa maji yaliyochemshiwa bamia, pamoja na bamia zenyewe zilizokatwa vipande. Mpishi anashika mwiko bapa na kusonga polepole, akiongeza maji ya bamia kidogokidogo mpaka sufuria ianze kuachia pembeni, halafu anageuza kwenye bakuli lililopakwa siagi na kuumimina sahanini ukiwa na umbo la nusu mpira. Ni laini kuliko ugali wetu, unateleza, na wao huula kwa uma. Juu yake kunakuja samaki aliyekunjwa na kupikwa kwa nyanya, vitunguu, limau na majani makavu ya thyme. Waliopelekwa kule kwa minyororo walikuja na mikono inayojua kusonga, na bamia nayo ni ya Afrika. Mle angalau mara moja, ikiwezekana Ijumaa kwenye kijimkahawa cha mchana cha wenyeji, nje ya hoteli.

Kuna na shelisheli, ya kuchoma motoni mpaka ganda liwe jeusi. Kuna vidonge vya ukwaju na sukari vitakavyomkumbusha mtu wa pwani utoto wake. Kuna madafu kando ya barabara. Pilipili yao ya chupa ni ya njano, ina haradali na manjano ndani, na ni kali kweli. Anzeni na tone.

Kwa Waislamu: nguruwe ni mwingi, na Jumamosi ndiyo siku yake kisiwa kizima. Keki nyingi, hasa za Krismasi, zimelowekwa ramu. Lakini samaki hamtamkosa, na Bridgetown ina misikiti na jumuiya ya Waislamu wenye asili ya Gujarat waliokaa vizazi kadhaa. Nyama ya halali huulizwa kwao.

Ijumaa usiku nendeni Oistins. Ni soko la samaki ambalo jioni hugeuka uwanja wa majiko ya mkaa. Foleni huwa ndefu kwenye vibanda vinavyosifiwa mtandaoni. Kibanda cha jirani kinachoma samaki yuleyule. Ubaoni mkiona "dolphin", ni samaki mahi-mahi, pomboo hayumo. Fikeni saa kumi na mbili jioni, mle kabla watu hawajafurika, kisha msogee upande ambako wazee wanacheza dansi za zamani. Mtu na mkewe, wamevaa vizuri, wamekumbatiana, wanazunguka taratibu bila kuangaliana miguu. Kaeni muwatazame. Kisha chezeni.

Kwa kasa, nendeni ghuba ya Carlisle, pembeni ya Bridgetown, asubuhi kabla ya mashua za watalii kufika. Karibu na ufukwe, kina kifupi, kuna mabaki ya meli kadhaa zilizozama, mojawapo Berwyn ya mwaka 1919, na samaki wamejaa humo. Kwa miwani ya kuzamia na bomba la kupumulia tu mnaona yote. Kasa wapo, wa kawaida na ng'amba. Msiwaguse wala kuwalisha. Mmoja wenu asiyejua kuogelea avae jaketi la kuelea bila aibu. Asikubali kuambiwa hapo ni karibu.

Hatua ya saba: tengeni asubuhi moja kwa waliotutangulia

Najua ni fungate. Hata hivyo, Mwafrika kufika Barbados na kuona fukwe tu ni upungufu. Kisiwa hiki kilikuwa shamba moja kubwa la miwa, na mwaka 1661 ndicho kilichotunga sheria ya watumwa ambayo makoloni mengine ya Waingereza yaliiiga.

Karibu na Oistins kuna kiwanja cha nyasi kinachoitwa Newton. Wamezikwa hapo watumwa wa shamba hilo, wanaokadiriwa kuwa 570, bila mawe wala majina. Katika miaka ya 1970 wachimbuaji walimkuta mzee mmoja amezikwa na mkufu shingoni: meno ya mbwa, shanga za vioo, kauri, na ushanga mmoja mkubwa wa jiwe jekundu. Wataalamu wanaamini alikuwa mganga, mtu aliyeheshimiwa na wenzake hata katika hali ile. Kwenye Jumba la Makumbusho la Barbados, eneo la Garrison, mnaweza kujifunza habari zake zaidi.

Kutoka hapo nendeni Queen's Park, Bridgetown, mkauone mbuyu. Ndiyo, mbuyu, mnene kama ya Dodoma, na inasemekana mbegu yake ililetwa kutoka Guinea mnamo 1738. Pigeni picha yenu ya ndoa hapo. Naiona bora kuliko ya ufukweni.

Hatua ya nane: magharibi, na simu

Siku mbili za mwisho msipange kitu. Holetown, Paynes Bay au Mullins, maji yanalala kama ya kisima na jua linazama mbele yenu, Desemba ni kabla ya saa kumi na mbili jioni. Kama mnataka anasa moja ya kulipia, iwe safari ya nusu siku ya mashua ya tanga, chakula kikiwa humo. Ulizeni idadi ya abiria kabla ya kulipa. Ya watu kumi na mbili ni starehe, ya watu sitini ni daladala nyingine.

Kuhusu simu, elewaneni na familia kabla ya kuondoka. Saa nne asubuhi ya nyumbani ni saa tisa usiku kwenu, na mama mkwe hawezi kukumbuka hilo. Teueni mtu mmoja, kaka au wifi, wa kupokea ujumbe kwamba mmefika salama na kuusambaza. Zilizobaki zimeni.

Hatua ya tisa: kurudi

Msinunue kitu chochote cha gamba la kasa, wala kuchukua matumbawe na makombe makubwa. Vitakamatwa njiani na faini ni kubwa. Chukueni pilipili ya chupa, sukari ya miwa, na kama mnatumia, ramu. Vyote vya maji viende kwenye begi la kupakia. Chupa iliyonunuliwa uwanja wa Grantley Adams ibaki kwenye mfuko wake uliofungwa pamoja na risiti, maana Schiphol mtakaguliwa upya na mfuko uliofunguliwa hunyang'anywa. Fikeni uwanjani saa tatu kabla, na kwenye kaunta ulizeni kwa sauti kama mizigo imeandikwa hadi Dar, Nairobi au Entebbe. Angalieni wenyewe herufi tatu kwenye karatasi ya begi kabla halijaondoka kwenye mkanda: DAR, NBO, EBB.